Kadari na Kofia Ngumu

SWALI: Ustadhi, kaka yangu huendesha bodaboda na hukataa kuvaa kofia ngumu, akidai kwamba siku ya mtu ikifika imefika. Ikiwa kila jambo limekwisha kuandikwa, kujihadhari kuna faida gani? – Msomaji, Tanga.

JIBU: Dada yangu, kuamini kadari ni nguzo ya imani, na hapo kaka yako hajakosea, kosa lake ni kudhani kwamba Mwenyezi Mungu amekadiria matokeo bila kukadiria sababu zake.

Mwishoni mwa miaka ya 630, Khalifa Umar bin Khattab alikuwa njiani kwenda Shamu (eneo la Syria na jirani zake) alipopata habari, akiwa mahali paitwapo Sargh, kwamba tauni imezuka huko. Alishauriana na Muhajirina (waliohama Makka kwenda Madina), kisha Ansari (wenyeji wa Madina waliowapokea), kisha wazee wa Kikuraishi, ndipo akaamua kurudi. Abu Ubayda, kamanda wa jeshi la Waislamu huko Shamu, alipomuuliza kama anaikimbia kadari ya Mungu, Umar alijibu kwamba wanaikimbia kadari ya Mungu kuelekea kadari ya Mungu, akatoa mfano wa mwenye ngamia aliyeteremka bonde lenye pande mbili, mmoja wa malisho na mwingine mkavu: popote atakapowalisha, atakuwa amewalisha kwa kadari ya Mungu. Baadaye Abdurrahman bin Auf, sahaba wa Mtume, alithibitisha kwamba Mtume alikataza kuingia penye tauni na pia kutoka humo kwa kuikimbia.

Bila shaka kaka yako hujaza petroli na kukagua breki kabla ya kubeba abiria. Muulize, kwa upole, kwa nini hayo hakuyaachia kadari.