Nchi gani inazeeka vizuri zaidi? Jibu la mtu aliyekuwa akikusanya takwimu zenyewe

Mwenzetu aliyeanzisha mjadala huu ameuliza ni nchi ipi ambayo wazee wake huishi miaka mingi zaidi wakiwa na afya njema, na kwa nini orodha alizozisoma hazikubaliani, kiasi kwamba Japani inaongoza katika moja na kuburuta mkia katika nyingine. Nimekuwa mdadisi, yaani mhojaji, kwa miaka tisa katika utafiti unaowafuatilia watu wale wale wenye umri wa miaka 50 na kuendelea, tukiwarudia kila baada ya miaka miwili. Tafiti za aina hii zilianza Marekani mwaka 1992, zikafuata Uingereza mwaka 2002, nchi kadhaa za bara la Ulaya mwaka 2004 na China mwaka 2011, na madodoso yake yalitungwa kwa makusudi yafanane ili nchi ziweze kulinganishwa. Kwa hiyo naomba nianzie pale takwimu hizo zinapozaliwa, mbele ya mzee aliyeketi akisubiri kuulizwa.

Katika duru yangu ya kwanza nilimhoji bibi mmoja aliyeniambia kwamba afya yake ni nzuri sana. Nilipompa kifaa cha kupimia nguvu za mkono alikishika kwa mikono miwili, nikamwomba arudie kwa mmoja, na mshale ukasimama kwenye kilo 9. Nilipomwomba ainuke kitini mara tano bila kushika chochote, aliinuka mara moja, akaketi, akanitazama kana kwamba kazi imekwisha. Juma hilo hilo nilimhoji mzee mwingine aliyejibu kwamba afya yake ni mbaya, kisha akatembea mita 4 kwa muda usiofika sekunde nne, mwendo ambao wengi wa rika lake hawauwezi. Alinieleza kwamba zamani alikuwa akipanda ngazi zote za nyumbani kwake bila kusimama, na sasa ni lazima apumzike mara moja. Kila mmoja wao alisema kweli kwa kipimo chake mwenyewe, lakini katika safu ya jibu lile bibi ndiye aliyehesabiwa kuwa mzima.

Jambo hilo hilo hutokea baina ya nchi. Watu wanapoulizwa wajipimie afya yao, Japani na Korea Kusini huwa karibu na mkia miongoni mwa nchi tajiri, ilhali Marekani huwa karibu na kileleni. Ukizitazama takwimu za Shirika la Afya Duniani za mwaka 2019, wastani wa umri wa kuishi Japani ulikuwa miaka 84 na ushei, na miaka ambayo mtu hukadiriwa kuishi akiwa na afya njema ilikuwa 74, wakati Marekani ilikuwa na takriban 78.5 na 66. Orodha zote mbili ni sahihi, ila ya kwanza inapima namna watu wanavyojiona na wanavyozoea kujieleza, na ya pili inapima vifo na maradhi.

Hata neno moja la swali lina uzito. Nchini Ujerumani, miaka ya kuishi bila vikwazo vya kiafya, kwa hesabu ya Umoja wa Ulaya, iliruka kwa zaidi ya miaka 8 kati ya mwaka 2014 na 2015. Hakuna taifa linalopona kwa kasi hiyo; kilichobadilika ni namna swali lilivyoandikwa. Ndiyo maana mtu akinionyesha mchoro wa nchi iliyopiga hatua ghafla, ombi langu la kwanza ni kuliona dodoso.

Wastani wa umri wa kuishi nao husomwa vibaya mara nyingi. Si utabiri wa mtoto aliyezaliwa leo, bali ni hesabu ya miaka ambayo angeishi endapo viwango vya vifo vya mwaka huu vingebaki vilivyo maisha yake yote. Nchi yenye vifo vingi vya watoto wachanga huonekana kana kwamba haina wazee, ilhali waliovuka miaka 60 huenda bado wana miaka mingi mbele yao. Anayetaka kujua habari za uzee atazame miaka inayobaki kwa mtu mwenye umri wa miaka 60 au 65.

Kuhusu mabadiliko ya muda mrefu, naona hapo ndipo penye mafunzo makubwa kuliko katika kupanga nchi kwa nafasi. Japani ya miaka ya 1960 iliumizwa mno na kiharusi. Ilipunguza chumvi, ikapima watu shinikizo la damu kwa wingi, na vifo hivyo vikaporomoka. Nchini Ufini, mradi ulioanza mwaka 1972 katika eneo la North Karelia chini ya Pekka Puska ulishughulikia sigara, siagi na chumvi, na katika miaka 40 vifo vya maradhi ya moyo kwa wanaume wa umri wa kufanya kazi vilipungua kwa zaidi ya asilimia 80. Lakini mafanikio hupotea pia. Umri wa kuishi wa wanaume wa Urusi ulishuka kutoka takriban miaka 65 mwaka 1987 hadi chini ya 58 mwaka 1994, na pombe ilichangia pakubwa. Wanaume wa Okinawa, mkoa uliosifiwa duniani kote kwa maisha marefu, walitoka nafasi ya 4 kati ya mikoa 47 ya Japani mwaka 1995 hadi ya 26 mwaka 2000.

Kwa dunia nzima, kati ya mwaka 2000 na 2019 umri wa kuishi uliongezeka kwa zaidi ya miaka 6, na miaka ya afya kwa takriban 5. Maana yake ni kwamba sehemu ya nyongeza hiyo ni miaka ya kuugua, jambo linalonisikitisha kila ninapolifikiria, kwa kuwa nimeketi na watu wanaoiishi.

Ustawi nao una njia yake. Korea Kusini iko miongoni mwa nchi za mbele kwa umri wa kuishi, lakini karibu watu wanne katika kila kumi wenye miaka 66 na kuendelea wana kipato kilicho chini ya nusu ya kile cha mtu aliye katikati ukiwapanga watu wote kwa kipato, kiwango cha juu kabisa katika nchi tajiri.

Nikilazimika kujibu kwa neno moja, nitasema Japani, ikifuatiwa na Singapore, kwa kigezo cha miaka ya afya pekee. Lakini ulizeni pia ni nani hayumo katika hesabu. Nilipomrudia yule bibi katika duru ya tatu, mwanawe alinipokea mlangoni akaniambia kwamba mama hatambui tena watu na amehamishiwa kwenye makao ya kutunzia wazee, mahali ambapo utafiti wetu haukuwa na ruhusa ya kufika. Katika jedwali la duru ile nafasi yake iliachwa wazi, na wastani wa nguvu za mkono wa wanawake wa rika lake haukushuka hata kidogo.