Ukifika Sapporo, anzia Bankei

Kila ikikaribia Desemba napata ujumbe kutoka kwa vijana wetu waliokuja kusoma Hokkaido, kisiwa cha kaskazini mwa Japani, wengine kwa ufadhili wa JICA, shirika la Japani la ushirikiano wa kimataifa, wengine kwa njia zao. Wanataka kujua wakajaribu wapi kuteleza kwenye theluji, na karibu wote wameshasikia jina la Niseko, eneo maarufu la michezo ya theluji. Huwajibu kwamba Niseko haikimbii. Anzia Bankei.

Bankei ni uwanja mdogo wa kuteleza kwenye theluji ulio ndani ya jiji la Sapporo lenyewe. Unapanda treni ya chini ya ardhi ya njia ya Tozai, unashuka Maruyama Koen, unachukua basi linalopanda mlimani, na muda si mrefu umefika. Watu utakaowakuta ni wenyeji: watoto wa shule, wafanyakazi waliotoka kazini, wazazi na wanao, na vijana wengi sana wa snoubodi, yaani wanaoteleza wamesimama juu ya ubao mmoja. Hao wanafuata halfpaipu, mfereji mpana wa theluji wenye kuta mbili zilizopinda kama bomba lililopasuliwa kwa urefu. Michezo ya Majira ya Baridi ya Asia ilipofanyika Sapporo mwaka 2017, mashindano ya halfpaipu yalichezwa hapo hapo. Lakini pembeni ipo miteremko ya taratibu, na huko ndiko kwako kwa kuanzia.

Napapenda zaidi kwa sababu ya usiku. Desemba jua la Sapporo huzama saa kumi jioni, na mwaka wangu wa kwanza giza lile lilinilemea kweli. Nilikuwa natoka maabara, nakwenda chumbani, nalala. Bankei huwashwa taa usiku, theluji inang'aa kuliko mchana. Nikawa natoka chuoni saa kumi na moja, na saa moja niko juu ya kilima nikitazama taa za jiji lenye watu karibu milioni mbili. Ndugu yangu, kama baridi na giza vimeanza kukunyong'onyeza, nenda huko hata kama hutaki kujifunza chochote.

Na kwa anayetaka kujifunza, ukaribu ndio kila kitu. Ubao unaingia mwilini kwa kurudiarudia. Siku ya kwanza utaanguka mpaka uchoke, siku ya pili utaanguka kidogo pungufu, na kama ya tatu hivi miguu inaanza kuelewa. Ukimaliza akiba yako yote kwa siku moja kwenye uwanja wa kifahari, utakuwa umelipia kuanguka tu. Muda wa saa mbili tu usiku, mara nne ndani ya mwezi mmoja, utakufundisha zaidi. Mwili uliochoka haufundishiki, na majeraha mengi huja jioni mtu anaposema "mara moja tu ya mwisho."

Mimi nilianza vibaya. Rafiki aliyekuwa anajua alinipandisha kwa lifti, vile viti vinavyoning'inia kwenye waya, hadi juu kabisa, akaniambia nimfuate. Nilianguka kifudifudi, nikajikinga kwa viganja, kifundo cha mkono wa kushoto kikavimba, na kwa wiki tatu nikawa naandika kazi za maabara kwa shida. Kwa wanaoanza snoubodi, vifundo vya mikono ndivyo vinavyoumia zaidi. Kwa hiyo nunua kinga za vifundo kabla ya kitu kingine chochote, kodi helmeti, na ukihisi unaanguka kunja ngumi, ulegeze mwili, uangukie mikono yote hadi kiwikoni, au ukae kwa makalio. Usinyooshe kiganja kamwe.

Halafu lipia mwalimu, walau somo moja. Wangu alinieleza jambo ambalo rafiki yangu hakuweza kulieleza kwa sababu kwake lilikuwa limeshakuwa mazoea. Ubao una makali ya chuma pande zote mbili. Makali ya upande wa bondeni yakigusa theluji hukwama ghafla, nawe unatupwa kabla hujajua kilichotokea. Basi unaposhuka kwa kuukingamisha ubao, kanyagia makali ya upande wa mlimani, kwa visigino au kwa vidole, na macho uyapeleke unakotaka kwenda, kwa sababu mabega hufuata macho na ubao hufuata mabega. Somo hilo moja liliokoa msimu wangu. Akanifundisha pia lifti: fungua mguu wa nyuma kabla ya kupanda, na ukishuka usisimame, sogea, maana kiti cha nyuma kinakuja na watu.

Kuhusu mavazi, adui ni pamba. Jinzi hulowa, kisha hukugandisha. Hata mtandio wangu wa pamba ulilowa kwa pumzi, ukakakamaa shingoni kama ngozi kavu. Vaa sufu au polista ndani, suruali isiyopitisha maji juu, na jozi moja ya soksi ndefu. Mbili zinabana damu na vidole vinazidi kupoa. Buti ziwe zimekushika kisigino. Kikiinuka ndani, rudisha uombe nyingine bila kuona haya.

Wanaokula halali waulize kabla ya kuagiza wali wa kari: "Buta niku wa haitte imasu ka?", yaani, je, kuna nyama ya nguruwe ndani? Hata pale usipoona nyama, rojo la kari ya Kijapani mara nyingi lina mafuta ya nguruwe. Mimi hubeba chapati zangu na chai ya tangawizi kwenye chupa.

Dada mmoja wa Eldoret niliyesoma naye alikataa kwenda kwa muda mrefu. Alisema hataki kuwa kioja cha watu. Nilimkumbusha habari za mtu wa kwao, Philip Boit, aliyekimbia kilomita 10 za skii, zile mbao mbili nyembamba za miguuni, kwenye Olimpiki ya Nagano mwaka 1998, huku huku Japani. Alimaliza wa mwisho, wa 92, na bingwa Bjørn Dæhlie wa Norwei akamsubiri pale mwisho akamkumbatia. Olimpiki hiyo ndiyo iliyoingiza snoubodi kwa mara ya kwanza. Februari akaja nami. Hakuna aliyemkodolea macho. Bibi mmoja mwenye skii alisimama alipomwona ameanguka, akamuuliza "daijoubu?", yaani uko salama?, akamngoja hadi akasimama, akaendelea na safari yake.

Siku hizi yeye ndiye anayenipigia simu Alhamisi kuniuliza kama nimemaliza kazi. Nikisema bado, huniambia ananiwekea kiti kwenye basi.