Mshirika wa kompyuta akigeuka: maswali yenu kuhusu gemu za falme

*Dada wa gemu, pole na kazi. Nacheza Medieval II: Total War, nimechukua Venice, na ugumu wa kampeni nimeuweka wa juu kabisa. Milan tulifanya ushirika tangu zamu za mwanzo. Niliwapa haki za biashara, hata binti mfalme wangu nikamwoza kwao. Juzi meli yao moja ikaja ikaziba bandari yangu, na hapo hapo tukawa vitani. Kosa langu ni lipi? Au kompyuta inanionea tu?*
Mpenzi wa Venice, Mwanza

Mdogo wangu, hasira yako naielewa vizuri. Gemu hili lilitoka mwaka 2006 na hadi leo ndilo ninalolirudia mara nyingi zaidi, na Milan ni jirani ambaye sijawahi kumwacha bila kumchunga.

Tuanze na namna mfalme anayeendeshwa na kompyuta anavyoamua. Watengeneza modi hufungua mafaili ya gemu na kuyahariri, na humo kuna faili linalompangia mfalme wa kompyuta lini avamie na lini atulie. Linapima jeshi lake kwa jeshi lako, nguvu za pande zote mbili pale mpakani, idadi ya maadui alio nao tayari, kiwango cha uhusiano wenu, na juu ya hayo kuna namba ya bahati nasibu. Harusi uliyofanya inaingia kwenye uhusiano, basi. Haina sauti kwenye hayo mengine.

Sasa itazame ramani yako kwa jicho la Milan. Venice inaanza na miji iliyotawanyika: Venice yenyewe, Ragusa ng'ambo ya bahari, na Iraklion kule Krete. Kila anayechukua Venice hutamani kwenda mashariki, kwa hiyo nadhani jeshi lako kubwa lilikuwa njiani kuelekea Constantinople na nyumbani uliacha wanamgambo wa mikuki wachache. Milan iko jirani kabisa, na Genoa ni mali yake. Mimi nina daftari ninaloandika humo nani alinivamia, kutoka wapi, na mji ule ulikuwa na vikosi vingapi siku hiyo. Karibu kila ukurasa unasema jambo moja: mpaka ulikuwa mtupu.

Halafu kuna hiyo hatua ya ugumu uliyochagua. Kwenye kiwango cha juu kabisa uhusiano wako na falme nyingine hushuka wenyewe, zamu baada ya zamu, hata kama hukumkosea mtu. Urafiki wako na Milan ulikuwa maji kwenye mtungi wenye ufa. Ukitaka washirika wanaodumu, weka ugumu wa kampeni katikati na uache ugumu wa mapigano juu. Gemu linakuruhusu kuvitenganisha. Ukipenda kubaki hapo ulipo, basi jaza mtungi: mwache mjumbe wako aishi karibu na miji yao, na mara kwa mara atoe zawadi ya fedha, hata ndogo. Waachie huru mateka baada ya vita, na usivunje mapatano na mtu yeyote, kwa sababu sifa yako husomwa na wafalme wote, hata wale msiopakana.

Lakini silaha yako kubwa ni Papa, na nasikitika kuona wachezaji wengi wakimkumbuka pale tu anapowakemea. Wewe na Milan wote ni Wakatoliki. Jenga makanisa, fundisha mapadri, jiunge na vita vya msalaba vinapoitwa, na uitazame misalaba inayoonyesha jinsi Papa anavyokupenda. Ikiwa mingi, kuna uwezekano mkubwa kwamba Milan ikikuvamia itaamriwa iache. Ikikaidi, hutengwa na Kanisa, na kuanzia hapo kuipiga hakukuharibii jina huko Roma. Kwa hiyo meli ile inapofika bandarini, usikimbilie kuizingira Milan zamu hiyo hiyo. Rudisha jeshi, jaza ngome, mtume mjumbe aombe amani, subiri. Ukilipiza haraka, amri ya kuacha vita inaweza kukuangukia wewe.

Uliuliza kama unaonewa. Kwenye hili la meli moja, nakubaliana nawe, na naliona kuwa ndilo doa kubwa la gemu hili. Meli moja haiwezi kuuteka mji. Mfalme anapoteza biashara yote na wewe, anajitia kwenye hatari ya kukosana na Papa, na hapati chochote. Usaliti mzuri kwenye gemu ni ule ambao ukirudi nyuma unaona ulikuwa ukipikwa, na msaliti naye anaondoka na kitu mkononi. Huu wa meli hauna faida kwa yeyote.

*Salaam dada. Mimi niko Crusader Kings III, naanzia 1066 kama mfalme Alfonso wa León, huko Uhispania. Ndugu yangu Sancho wa Castile nampelekea zawadi, na alama zinaonyesha ananipenda. Bado kanitangazia vita. Inakuwaje ndugu anayenipenda anivamie?*
Alfonso wa Mombasa

Wa alaikum salaam, mwanangu. Sancho anakupenda, na León anaitaka pia. Gemu hili linaweza kuviweka vyote viwili ndani ya mtu mmoja, na ndiyo maana nalipenda sana.

Kwenye historia ya kweli, baba yao, Ferdinand wa Kwanza, alifariki mwaka 1065 baada ya kuwagawia wanawe: Sancho Castile, Alfonso León, García Galicia. Mwaka 1071 wakubwa wawili walishirikiana kumnyang'anya García. Mwaka uliofuata Sancho akamshinda Alfonso pale Golpejera, Alfonso akakimbilia Toledo kwa mtawala Mwislamu aliyempokea vizuri. Miezi michache baadaye Sancho akauawa nje ya kuta za Zamora, mji uliokuwa mikononi mwa dada yao Urraca, na Alfonso akarudi akachukua yote. Kwa hiyo kinachokupata wewe kimeshapata watu wa kweli, na watengenezaji walikiweka pale wakijua.

Alama za kupendwa, zile za kutoka -100 hadi 100, hazitoshi. Chini ya kila mhusika kuna tabia zake: ujasiri, heshima, uchoyo, kisasi, huruma na nyinginezo, na zinatokana na zile alama ndogo za tabia unazoziona kando ya picha yake. Zisome kabla ya kufungua sanduku la zawadi. Mtu mwenye tamaa ya makuu akiwa na dai halali juu ya kiti chako, na askari kukuzidi, fedha yako atapokea na vita atatangaza.

Kinachomzuia ni hesabu ya askari, na askari wa washirika wako huhesabiwa pamoja na wako. Basi oa. Hapa muungano hupitia ndoa, kwa hiyo usichague mke kwa uzuri wa sifa zake pekee. Mtazame baba yake ana jeshi kiasi gani na yuko umbali gani. Alfonso wa kweli alimwoa Agnes, binti wa mtawala wa Aquitaine, ng'ambo tu ya milima ya Pyrenees, na mimi nikicheza León huanza kutafuta upande huo huo. Fanya mapema, kabla Sancho hajamaliza kukusanya watu. Na umri wa mkwe uangalie, kwa sababu mzee akifariki muungano unaweza kukatika, na mrithi wake hakudai wala humdai chochote.

García usimsahau. Ni mdogo na dhaifu, wote wawili mnamtamani, lakini ukimmeza ukachoka, Sancho atakukuta na askari pungufu.

*Dada, kwenye Age of Empires II kompyuta iliyo upande wangu inaweza kunigeuka?*
Msomaji wa Bujumbura

Ukifunga timu kabla ya mchezo kuanza, haiwezi. Chaguo hilo liko kwenye ukurasa wa kuandaa mechi. Mkicheza na rafiki zako bila kufunga timu, hao ndio wa kuwachunga: yeyote anaweza kubadilisha msimamo kutoka mshirika kuwa adui katikati ya mechi, wakati askari wake tayari wako ndani ya ukuta wako.