Kuziba jino la mtoto bila drili inawezekana

Dada, umeuliza mwanao wa miaka 7 gego limetoboka, ang'olewe au azibwe, na mashine anaiogopa. Usikimbilie kung'oa jamani! Gego la nyuma kabisa umri huo mara nyingi ni la ukubwani, linaota miaka 6 hivi, liking'olewa ndo basi haliji jingine. Muulize daktari kuhusu ART, njia ya kuziba jino bila mashine (sio ile ya dawa za VVU), ilianzia hapa hapa Tanzania miaka ya 1980, wanakwangua sehemu iliyooza kwa vifaa vya mkono tu, sindano mara nyingi haihitajiki, wanaziba na dawa iitwayo glasi ionoma inayotoa floridi (madini ya kulinda jino) kidogo kidogo. Ile dawa ya kuzibia ya rangi ya fedha yenye zebaki, Mkataba wa Minamata (wa kimataifa kuhusu zebaki) unataka iepukwe kwa watoto chini ya miaka 15, mpaka daktari aone ni lazima. Ila kama linamuuma usiku au shavu limevimba, mpeleke leo leo.