Igizo lako halitahesabiwa hivi hivi

Halitahesabiwa, ndugu. Umeeleza kwamba wewe ni mhadhiri msaidizi wa sanaa za maonyesho, kwamba umekabidhiwa igizo kubwa la kuongoza na kuigiza, kwamba unataka kuiweka kando tasnifu ya uzamivu hadi igizo liishe, na kwamba mkubwa wako kazini amekuambia usiwe na wasiwasi kwa kuwa "jukwaa litakusemea" siku ya kuomba kupandishwa cheo. Maneno hayo hayo niliambiwa na mzee mmoja wa idara, ambaye alikuwa amestaafu kimawazo miaka mingi kabla ya kustaafu kikazi, nami nikayaamini kwa sababu alikuwa na sauti nzuri.

Niliongoza igizo baada ya igizo, ukumbi ukajaa, watu wakalia panapotakiwa kulia. Nilipofika mbele ya kamati ya kupandisha vyeo nilikuwa na mabango, kijikaratasi cha ratiba chenye alama ya kikombe cha chai, na kipande cha gazeti kilichokosea jina langu na kusifu taa. Mjumbe mmoja, mtu wa fani ya mbali kabisa na yetu, aliniuliza kwa upole mchango wangu wa kitaaluma ulikuwa upi na nani aliyeupima. Sikuwa na la kumwonyesha. Waigizaji walikwisha kuhitimu na kutawanyika, maleba yalikwisha kuazimwa na kupotea, na video pekee iliyokuwapo, iliyopigwa kwa simu ya mwanafunzi, ilionyesha zaidi kisogo cha mgeni rasmi. Kisogo kile nakijua vizuri kuliko uso wa mjomba wangu. Waliokuja kazini nyuma yangu na makala zao mbili tatu walipanda hadi uhadhiri mwandamizi, mimi nikabaki kuwapongeza, na yule mzee alipoulizwa alisema kwamba zamani mambo hayakuwa hivyo.

Hata hiyo zamani haikuwa hivyo. Watu hupenda kumtaja Amandina Lihamba wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kama mfano wa profesa aliyebaki kuwa mwigizaji na mwongozaji, na ni kweli aliigiza katika filamu ya Maangamizi iliyotoka mwaka 2001. Lakini wanasahau kwamba mwaka 1985 alikuwa amemaliza uzamivu Chuo Kikuu cha Leeds, Uingereza, kwa utafiti kuhusu siasa na tamthilia nchini Tanzania baada ya Azimio la Arusha. Penina Mlama, mwenzake wa chuo hicho hicho, naye alikwenda kijiji cha Malya, mkoani Mwanza, kufanya sanaa za maonyesho pamoja na wanakijiji, kisha akaiandika kazi hiyo, na kitabu kikachapishwa Uppsala, Uswidi, mwaka 1991. Angeishia kwenye ngoma na makofi, leo tungekuwa tunasimuliana tu.

Kwa hiyo usianze mazoezi kabla ya kumwandikia mkuu wa idara barua ya kuomba wateuliwe watathmini wawili kutoka nje ya chuo, watakaolitazama igizo likiwa jukwaani na kuandika ripoti yenye sahihi. Kubali kwa mdomo si kubali. Dai jibu la maandishi. Mswada wako wa uongozaji, ule wenye mishale ya penseli inayoonyesha nani anaingia wapi na kwa nini umebadilisha onyesho la pili, uhifadhi kila siku ya mazoezi, kwa maana ndio utakaokuwa data ya makala utakayoandika igizo likiisha, kabla hujakubali jingine. Ukiweza, mswada huo huo uufanye kuwa sura ya tasnifu badala ya kuiahirisha.

Uliuliza pia kuhusu kusoma Uingereza au hapa nyumbani, kuhusu mshahara na kuhusu tamthilia za televisheni. Hayo wenzangu watakujibu. Wewe shughulikia barua kwanza, na nauli ya watathmini iingie katika bajeti kabla ya maleba, kwa sababu fundi wa maleba hajawahi kubakiza senti.