Jeni huzimwa, huzimika au hunyamazishwa?

Swali: Ninaandika makala kuhusu maikroRNA, vipande vifupi vya RNA vinavyodhibiti kazi ya jeni, na namna mimea inavyokabili ukame. Niliandika hivi: "Ukame ukiingia, maikroRNA huzima jeni na mmea huvumilia." Mhariri akabadilisha "huzima jeni" kuwa "jeni huzimika". Nani kati yetu yuko sahihi? Na maikroRNA iko katika ngeli gani?

Jibu: Kati yenu wawili, wewe ndiye uliye karibu na ukweli, ingawa sentensi yako nisingeiacha ilivyo.

Kauli ya kutendeka, ile yenye -ik- au -ek-, hutaja hali na kumwacha mtenda nje. Taa imezimika: hatusemi ni nani kaizima, na pengine hakuna. Ndiyo maana huwezi kuandika "jeni imezimika na maikroRNA", sarufi haikubali. Katika makala yako mtenda ndiye habari yenyewe. Ukimwondoa, msomaji atadhani jeni ilichoka ikalala. Andika "huzimwa na" au "huzima", mtenda aonekane.

Lakini je, anachozima ni jeni? Jeni iko kwenye DNA, na inaweza kuendelea kunakiliwa kama kawaida. Kinachoguswa ni nakala yake, RNA mjumbe, iliyo safarini kwenda kutengeneza protini. Katika mimea, maikroRNA huwa na urefu wa nyukleotidi (yaani herufi za RNA) 21 hivi. Hushikwa na protini iitwayo AGO1, na kwa pamoja hutafuta RNA mjumbe ambayo mpangilio wake unaoana na wa maikroRNA hiyo karibu herufi kwa herufi. Wakiipata, AGO1 huikata. Kwa hiyo kwa mimea kitenzi ninachokipenda ni "kukata", na mtendwa wake ni ujumbe: ujumbe hukatwa, jeni haikatwi. Kwa wanyama ningeandika "kuzuia", kwa kuwa huko muoano kwa kawaida ni wa sehemu tu, na ujumbe huzuiwa usitafsiriwe kuwa protini, kisha huharibiwa. (Ni kwa mnyama, mnyoo mdogo sana, Victor Ambros na Gary Ruvkun walipoitambua maikroRNA ya kwanza, wakachapisha mwaka 1993 na kupewa Tuzo ya Nobel mwaka 2024.) Ukitaka neno moja litakalofaa pande zote mbili, "kunyamazisha jeni" ni zuri: linasema sauti haisikiki, halisemi mwenye sauti amekufa.

Kosa kubwa zaidi katika sentensi yako halikuonwa na mhariri, nalo liko kwenye kiambishi hu-. Hu- hutangaza desturi, jambo ambalo huwa hivyo siku zote. Ukame haufuati desturi moja. Chukua maikroRNA iitwayo miR169 katika Arabidopsis, mmea mdogo unaotumika sana maabara. Utafiti uliochapishwa mwaka 2008 ulionyesha kuwa ukame ukiingia, miR169 hupungua. Ikipungua, ujumbe wa jeni NFYA5, ambao kwa kawaida hukatwa, huachwa. Protini yake huongezeka, stomata (vitundu vya hewa kwenye jani) hufungwa zaidi na jani hupoteza maji kidogo. Mimea iliyofanywa itengeneze miR169 kupita kiasi ilipoteza maji zaidi kuliko mimea ya kawaida. Yaani hapa msaada umetokana na mkataji kupungua, kinyume kabisa cha ulichoandika. Halafu katika mpunga, mmoja wa ukoo huohuo, miR169g, huongezeka wakati wa ukame. Basi taja mmea, taja maikroRNA, ndipo utumie hu-. Kwa mfano: "Katika Arabidopsis, ukame ukiingia miR169 hupungua, na ujumbe iliokuwa ikiukata huachiliwa."

"Huvumilia" nalo linahitaji kuangaliwa. Wanasayansi wa mimea hutenga njia tatu, na Kiswahili kina vitenzi vya kuzitenga bila taabu. Mmea unaomaliza maisha yake na kutoa mbegu kabla ya kiangazi kukaza unakwepa ukame. Unaofunga stomata au kuzamisha mizizi chini ili maji yabaki ndani yake unaepuka ukavu. Ule ambao seli zake hukauka kweli na bado zikaishi, huo ndio unaostahimili. Kwa mgawanyo huu, habari ya miR169 na stomata ni ya kuepuka. "Kuvumilia" ningeliacha kwa mazungumzo ya kawaida, maana linabeba subira ya moyo zaidi ya kazi ya seli, na "kukabili" litumike pale unapotaka kuzijumuisha njia zote tatu.

Ngeli ni jambo jepesi: I-ZI. MaikroRNA hii, maikroRNA hizi. Jeni hii, jeni hizi. Jihadhari tu na "RNA mjumbe". Mjumbe wa kawaida ni wa ngeli ya A-WA, na ulimi huvutwa huko, lakini hapa ni neno la kufafanua tu, na upatanisho hufuata RNA. Kwa hiyo RNA mjumbe imekatwa, si amekatwa.