Kuta za ndani: tofali au jipsamu?

Dada, umesema boma la Kigamboni limeshaezekwa, na fundi anakusukuma ugawe vyumba kwa bodi za jipsamu kwa kuwa ni haraka. Ni haraka kweli. Ila kwa pwani mimi ningeanza na unyevu kabla ya bei.

Jipsamu ya kawaida hunywa maji. Bafuni na jikoni isahau: tofali za saruji, lipu, kisha marumaru. Kati ya vyumba vya kulala inafaa, ila fundi aweke mbao nyuma ya bodi pale utakapotundika televisheni, la sivyo skrubu zitang'oka na kipande. Sauti nazo hupenya. Kama una watoto wa muziki, shauri yako.

Kubwa zaidi, kagua kuta zilizokwisha simama, usawa wa goti kushuka chini. Ukiona unga mweupe wa chumvi na lipu inamomonyoka, unyevu huenda unapanda kutoka ardhini. Hapo puti na rangi ni kutupa hela. Muulize fundi kama alitandika nailoni nzito juu ya msingi. Lipu mpya iache wiki nne hivi, halafu rangi ya maji. Ya mafuta hufungia unyevu ndani ikavimba.